Kivuli kilichokataa kupotea saa sita mchana Dundori, na kipindi cha Alhamisi kilichookoka

Wakuu, sasa? Natumai mko poa huko mliko.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa miaka mingi. Nacheka na nyinyi, nakasirika na nyinyi, sijawahi kuandika hata mstari. Leo nimeamua kufungua roho. Haya yote yamenipata mimi mwenyewe, na mahali nilipojiaibisha sitapaficha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Chukueni chai. Ni ndefu kidogo.

Mimi ni mwalimu wa Physics. Nimefundisha miaka kumi na sita, karibu yote katika sekondari moja ya kutwa huku Dundori, juu ya Nakuru, kwenye baridi na waru (viazi) na kabeji. Watu wananijua kwa jina la Mwalimu wa Anga. Wengine husema kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Naitika yote.

Nianze na nyumbani kidogo, kwa sababu ndiko kosa langu lilikozaliwa.

Nimekulia Nakuru mjini. Babangu alitoka Western akaajiriwa reli, na kwa mtu wa reli saa ni kama neno la Mungu. Treni inaondoka saa fulani, basi ni saa hiyo, hakuna mjadala. Mzee alikuwa na saa moja ya mkono, na alipofariki nikaachiwa mimi. Alikuwa akisema, "Watu hudanganya, saa haidanganyi." Nikakua nikiamini hivyo bila kuuliza swali.

Wekeni hiyo kando, tutairudia.

Nilipoanza kazi nilifundisha vile nilivyofundishwa. Naandika ubaoni, wanaandika kwa daftari, kengele inalia, kwaheri. Past papers kila Jumamosi. Watoto walikuwa wanajua kufafanua "eclipse" kwa Kiingereza safi kabisa, lakini ukiwauliza jua linachomoza upande gani wa shule wanaangaliana.

Siku moja Form One mmoja akaniuliza jua liko umbali gani, nikamtajia ile namba ndefu ya kitabu. Akaiandika vizuri. Halafu akauliza, "Hiyo ni kama kutoka hapa mpaka Gilgil?"

Ai! Hakuwa anafanya mzaha. Namba ilikuwa imepita masikio yake kama upepo.

Kesho yake nikatoka nyumbani na kabeji. Ile kubwa ya Dundori, mnazijua, mtoto mdogo hawezi kuibeba. Nikaiweka kwenye mstari wa goli na kuwaambia hilo ni jua. Nikampa mtoto mmoja mbegu moja ya kabeji, moja tu, nikamwambia hiyo ndiyo dunia, na nchi yetu na shule yetu na ng'ombe wa kwenu wote wamo ndani. Sasa tembea. Nilimsimamisha baada ya hatua kama thelathini na sita.

Yule aliyeuliza kuhusu Gilgil akaangalia mbegu, akaangalia kabeji kule mbali, akasema, "Kumbe tuko peke yetu hivi."

Wakuu, siku hiyo ndiyo niliajiriwa. Ile barua ya kwanza ilikuwa karatasi tu.

Nikaomba Principal anipe kipindi kimoja kirefu, double, kila Alhamisi asubuhi. Nje, uwanjani. Notes zinakuja baadaye, kwanza tunapima. Tukatengeneza craters kwa kudondosha mawe kwenye matope, kisha tukazilinganisha na Menengai, ile crater kubwa ya volkeno hapa Nakuru, na kubishana kwa nini hazifanani. Tukapima mwezi ule wa mchana kwa kidole gumba. Hatukuwa na telescope wala chochote. Tulikuwa na anga, na anga ya Dundori haina mlango.

Nilikuwa na sheria moja tu, na watoto waliikariri kama Baba Yetu. Hakuna kuacha kipimo katikati. Kipimo kinaisha kikiisha, si ukichoka.

Sasa, kila shule ina Deputy. Wetu aliitwa Madam Nyokabi. Mama mkali, mfupi, anatembea haraka, na ukimsikia viatu kwenye korido hata wewe mwalimu unaangalia kama shati imeingia vizuri. Kazi yake ilikuwa safi, sitamsema vibaya. Lakini kipindi changu hakukipenda hata kidogo.

"Mwalimu," aliniambia mbele ya staffroom, "kabeji ni ya jikoni. Hawa watoto wana mtihani."

Na kusema ukweli alikuwa na hoja. Wazazi wetu ni watu wa shamba. Wanauza maziwa na waru ndio mtoto asome, na wanachoangalia mwisho wa mwaka ni mean score, ule wastani wa alama za shule. Mzazi akipita nje ya shule asubuhi aone watoto wamelala chali kwenye nyasi wakipima mwezi, atafikiria nini?

Malalamiko yakafika kwa board. Principal, mtu mpole asiyependa kelele, akaniita ofisini. Mwezi wa tatu kulikuwa na Academic Day, siku ya wazazi wote, board na ofisa wa elimu kutoka sub-county. Akasema nitapewa nafasi nionyeshe kitu kimoja uwanjani. Kikiwaridhisha, Alhamisi inabaki. Kikikataa, Alhamisi inakuwa remedial, masomo ya ziada ya mtihani, kuanzia wiki inayofuata, na mimi narudi ubaoni.

Nilitoka pale nikiwa na furaha kama mjinga. Nilikuwa najua kabisa nitaonyesha nini.

Sisi tuko karibu sana na equator. Mwezi wa tatu, siku chache hivi, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya kichwa. Ukisimamisha mti wima, kivuli kinapotea. Kitabu kinasema hivyo, nimekifundisha miaka, na tarehe ilikuwa imeangukia palepale. Programme ikachapishwa: Saa Sita Kamili, Kivuli Kupotea.

Mtauliza kama nilikuwa nimewahi kuijaribu. Sikuwa nimejaribu. Kipindi changu kilikuwa asubuhi, na wiki hiyo mawingu ya mvua yalifunika kila adhuhuri. Lakini hiyo ni sababu ya mtu anayetafuta sababu. Ukweli ni kwamba sikuona haja. Mimi, mwenye kelele za "tupime kwanza", niliamini kitabu na saa ya babangu.

Siku ikafika. Mungu si Athumani, jua likawaka tangu asubuhi. Wazazi wakajaa, hema limesimama, harufu ya mukimo na nyama inatoka jikoni.

Katikati ya uwanja nikasimamisha mti wa urefu wa mita moja. Kazi ya kuweka kijiti kidogo kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano nikampa msichana wa Form Two, Wairimu. Mtoto mkimya sana. Darasani ungesahau yuko. Mtihani wake ulikuwa wa kusukumwa na maombi. Nilimchagua kwa sababu hakuwa anacheza na kazi.

Dakika kumi kabla ya saa sita nikachukua mic. Wakuu, niliongea! Nikaeleza equator, nikaeleza dunia inavyozunguka, nikawaambia wazazi leo mtaona kitu ambacho mtu wa London hawezi kuona hata akilipa. Wakapiga makofi. Nikaanza kuhesabu sekunde nikiangalia saa ya mzee. Kumi, tisa, nane... watoto wakahesabu nami.

Saa sita kamili.

Kivuli kiko pale. Na si kidogo. Kilizidi urefu wa kalamu, kimelala kuelekea upande wa Nakuru mjini, kimetulia.

Nikasema tungoje kidogo. Dakika moja. Dakika mbili. Mtu akakohoa.

Chairman wa board, Mzee Ndung'u, akainuka kwenye kiti. Huyu mzee alifanya kazi ya mbao Elburgon miaka mingi kabla hajanunua shamba hapa. Akaja polepole, akafunga jicho moja, akaangalia ule mti upande huu, akazunguka upande ule. Nikajipa moyo, pengine atasema umeinama.

"Mti iko sawa, mwalimu," akasema, na mic ikashika kila neno. "Wewe ndio umepinda."

Hema lote likaangua kicheko. Hata wapishi walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Madam Nyokabi hakucheka, nimpe haki yake. Alichukua mic, akashukuru wageni, akatangaza chakula, na akasema kuanzia wiki ijayo Alhamisi ni remedial. Wazazi wakapiga makofi kuliko yale waliyonipigia mimi.

Nilienda nikakaa nyuma ya hema kwenye kiti cha plastiki. Nilijikaza kisabuni lakini macho yalikuwa yanauma. Si aibu peke yake. Nilikuwa nafikiria yule mtoto na mbegu yake ya kabeji, na wengine wanaokuja, kwamba sasa watapewa namba tu waandike.

Hapo ndipo Wairimu akaja.

Akasimama mbele yangu, vumbi kwa magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, bado kinapungua."

Na mimi, wakuu, nilimfokea. "Wairimu, enda ukule! Imeisha!"

Hakuenda. Akaangalia chini, akasema, "Lakini ulisema hatuachi katikati."

Hasira hasara, mnajua. Nilimwangalia huyo mtoto. Foleni ya chakula ilikuwa imefika nusu, wenzake wote wako na sahani, na yeye alikuwa bado anaweka vijiti. Hakuna aliyemtuma. Alifuata sheria yangu siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitupa.

Nikainuka nikamfuata.

Vijiti vilikuwa vimepangwa mstari mzuri, vikielekea kwenye mti. Kile cha saa sita kilikuwa mbali. Cha robo saa baadaye kilikuwa karibu zaidi. Wakati huo ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano, na kivuli kilikuwa kama kidole changu cha shahada.

Nikakimbia kwa hema, mtu mzima na tai yangu, nikamshika Mzee Ndung'u mkono akiwa na sahani.

"Mzee, njoo uone. Tafadhali."

"Nimalize nyama?"

"Kuja nayo!"

Akaja nayo. Watu wakiona chairman anatembea na sahani uwanjani, nani atabaki? Wakaja wote, wengine wanatafuna. Madam Nyokabi akaja nyuma, mikono imefungwa kifuani.

Wairimu alikuwa amepiga magoti anaweka vijiti vyake kama hakuna mtu. Mzee Ndung'u akampa mtu sahani, naye akapiga magoti kando yake na suti yake ya kanisani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo niliona chairman wa board ameinama kweli.

Saa sita na dakika arobaini na mbili, kivuli kikaisha. Ule mti ulisimama pale kwenye jua kali bila kivuli chochote. Mama mmoja akasema "Ngai!" na kuangalia miguuni pake. Kisha kila mtu akaanza kuangalia miguuni, wanainua viatu, watoto wanaruka, makelele mpaka barabarani.

Nilidhani hapo ndipo nimeokoka. Bado.

Wairimu aliinuka, akajipangusa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiuliza swali mbele ya watu.

"Mwalimu, sasa kama saa sita ya jua ni hii, kwani hii saa yetu ni ya nani?"

Watu wote wakanigeukia. Ofisa wa elimu, Principal, Deputy, wazazi. Nikafungua mdomo nitoe jibu, kwa sababu mwalimu hutoa jibu. Na jibu sikuwa nalo. Ningeweza kudanganya na hakuna mtu angejua. Nimeshawahi kufanya hivyo darasani, acha niseme ukweli, na walimu mlio humu msijifanye.

Nikaangalia ile saa ya babangu. Nikasema, "Sijui."

Nikaongeza, "Tutafute."

Mimi nikajua basi, nimejimaliza, mara mbili kwa siku moja.

Mzee Ndung'u akasogea mbele. Akajipangusa magoti, akasema, "Mimi nimesomeshwa na walimu wengi. Huyu ni wa kwanza kuniambia hajui." Akaangalia vijiti vya Wairimu kwa muda. "Na ndio wa kwanza nimemwamini."

Madam Nyokabi alisimama pale akiangalia saa yake, halafu ule mti, halafu saa tena. Akaenda akachukua mic. Nikangoja kisu.

"Alhamisi ibaki," akasema. "Lakini mko na wiki moja. Jibu la huyu msichana nalitaka assembly."

Haki ya nani, karibu nimkumbatie.

Tulilipata. Wairimu na wenzake walikaa na ramani na globu ya zamani wiki nzima, na hawakunihitaji sana. Ni rahisi ukishaiona. Jua linafika Lamu kabla ya Nakuru, na Nakuru kabla ya Kisumu, lakini sisi wote tunatumia saa moja, na hiyo saa imepimwa kwa mstari ulio mashariki yetu, mbali kupita Lamu. Kwa hivyo saa ikigonga sita huku, jua bado liko njiani. Saa ya babangu haikudanganya. Ilikuwa tu inasema habari ya mahali pengine.

Nimerudi. Nilikuwa nimeitwa nitoe ng'ombe kwa waru za jirani. Maisha ya Dundori.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa asali. Mwaka ule mean score ilishuka kidogo. Ilishuka! Nilingoja Madam Nyokabi aje na panga. Akasimama mbele ya wazazi akawaambia, "Mmepanda juzi, mnataka kuvuna leo?" Akakaa. Hakuwahi kunieleza ni kwa nini aliamua kunitetea, na mimi sikuuliza. Miaka iliyofuata matokeo yakapanda polepole, na walimu wa Biology na Chemistry nao wakaanza kuomba uwanja.

Shule nyingine zikaanza kuja kuangalia. Nikaanza kuitwa kufundisha walimu wenzangu, Elburgon, Gilgil, Njoro. Siku moja baada ya semina Gilgil tulipita Kikopey kula nyama, na tulipomaliza, walimu wazima wakaanza kupanga mifupa mezani kuwa sayari. Mhudumu akaja kuondoa sahani, akafokewa, "Acha Jupiter!" Sijui alituonaje.

Na CBC, ule mtaala mpya, ilipokuja na watu wakalalamika ati watoto wafanye vitu kwa mikono, wetu walikuwa washazoea. Kuna mtu kutoka ofisi alikuja akaniuliza tulitoa wapi hiyo methodology. Nikamwambia, kwa kabeji.

Na kila mwaka mwezi wa tatu, kama hakuna mawingu, siku moja shule yetu haipigi kengele ya lunch kwa saa. Kengele ni rim ya lori imening'inizwa. Mtoto wa Form Two anakaa na vijiti, na kivuli kikiisha ndipo anapiga. Njaa inauma dakika arobaini na mbili zaidi na hakuna anayelalamika. Madam Nyokabi alipostaafu hakutaka blanketi wala sufuria. Aliomba apige hiyo rim mara moja. Aliipiga mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Sasa kilichofanya niandike leo.

Term iliyopita tuliletewa mwalimu wa teaching practice, wa Physics. Alipoingia staffroom nilisimama bila kujua. Wairimu. Bado mkimya, lakini ule ukimya wa mtu anayejua yuko wapi.

Alhamisi yake ya kwanza nilimwachia kipindi. Nilijiambia siendi kuchungulia, na nikaenda kuchungulia. Nikasimama nje ya dirisha. Mtoto mmoja alikuwa ameinua mkono, anauliza, "Madam, mbona kuku akipita kivuli chake kinaonekana, na ndege ya abiria ikipita juu kabisa kivuli chake hakionekani chini?"

Mkaguzi wake kutoka chuo alikuwa ameketi nyuma na kalamu, anamwandikia marks. Nilijua anavyojisikia. Nilitaka kuingia nimsaidie.

Wairimu alifikiria. Akaweka chaki chini.

"Sijui," akasema. "Bebeni vitabu, twende nje."

Niliondoka pale haraka kabla hawajanikuta nikijipangusa macho. Nilimwambia mtunza bustani ni vumbi. Akaniambia mvua imenyesha tangu jana.

Wakuu, nimeandika kusema asante. Kwa yule mtoto wa swali la Gilgil. Kwa Mzee Ndung'u na magoti yake. Kwa Madam Nyokabi, kama unasoma hii, asante mama. Na kwa babangu, ambaye saa yake bado naivaa.

Kile nimejifunza ni kidogo. Kuuliza si ujinga, tumeimba hiyo tangu nursery. Lakini mtoto hawezi kuuliza kwa uhuru mbele ya mtu anayeogopa kuulizwa. Na ukiwapa watoto sheria nzuri, jiandae, siku moja watakushikilia wewe nayo.

Kwa hivyo uwanja ni wenu. Kama kuna mwalimu aliwahi kukuambia "sijui", hebu tuambie ilikuwaje. Na kesho kama kuna jua, simamisha kijiti mahali uko, Eldoret, Mombasa, Garissa, popote, uweke alama mpaka kivuli kiwe kifupi kabisa, utuandikie hapa ilikuwa saa ngapi.

Ukipata tofauti na yangu usiogope. Ila usiache katikati.